Matunda mekundu kutoka Guangzhou na mama mwenye valvu ya chuma

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mama yangu ana miaka 58. Miaka minne iliyopita alibadilishiwa valvu ya moyo, akawekewa ya chuma. Usiku kukiwa kimya tunaisikia ikigonga kama saa. Anameza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila jioni na INR yake, kile kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, imetulia, huwa kati ya 2.5 na 3.2. Kaka yangu anafanya biashara Guangzhou, na mwezi uliopita alituma kilo mbili za matunda mekundu makavu, madogo kama zabibu kavu, yanaitwa goji. Wachina wamemwambia yanaongeza damu na kutia nuru ya macho, na mama analalamika macho yanafifia. Leo ni siku ya tisa. Kila asubuhi anatia vijiko vinne vya chakula kwenye chupa ya chai, anakunywa kutwa, na jioni anayala yale matunda. Kaka anasema ni tunda tu, si dawa, halina madhara. Mimi moyo hautulii. Aendelee? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Asiendelee. Chupa ya leo imwageni, na mama akapime INR leo au kesho, kabla ya kumeza kidonge cha jioni ya siku hiyo. Asingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yake. Wakiuliza kwa nini amekuja mapema, semeni wazi: amekunywa chai ya goji kwa siku tisa. Wafarini msiipunguze wala kuiacha kwa uamuzi wa nyumbani. Namba ikishajulikana, kliniki ndiyo itakayosema leo ameze au aruke.

Kabla hujasoma zaidi, mwangalie. Fizi zinatoa damu akipiga mswaki? Ana michubuko asiyokumbuka ameipata wapi? Damu ya pua inayogoma kukatika, mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami, kichwa kuuma ghafla kwa namna ambayo hajawahi kuumwa, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea: ukiona hata moja ya hizo, funga simu na mpeleke hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku.

Kama hakuna dalili yoyote, basi tuzungumze taratibu, maana swali lako limeniingia. Mimi ni mfamasia, na miaka mingi nimehudumia watu wa wafarini. Karibu kila aliyeniletea INR iliyoruka alianza na maneno ya kaka yako: ni tunda tu, ni majani tu, ni chai tu.

Mwaka 2001 wafamasia wa Marekani waliandika habari za mama mmoja wa Kichina, miaka 61, ambaye wafarini yake ilikuwa imetulia kama ya mama yako. Akaanza kunywa chai nzito ya goji, vikombe vitatu hadi vinne kwa siku. Baada ya siku nne tu INR ikafika 4.1. Hakuna dawa nyingine aliyokuwa amebadilisha, wala chakula. Aliacha chai, wafarini ikasimamishwa siku moja, na wiki iliyofuata namba ikarudi 2.4. Mwaka 2008 ikaandikwa habari ya mzee wa miaka 80, naye mtu wa wafarini, ambaye INR yake ilipanda mara mbili, na mara zote mbili alikuwa amekunywa chai yenye goji. Ile ya 2012 ndiyo iliyonitisha zaidi. Mwanamke wa miaka 71 aliyekuwa kwenye wafarini baada ya upasuaji wa goti alikunywa juisi ya goji siku nne, akalazwa akiwa anatoka damu puani na katika haja kubwa, michubuko mwilini, na INR imepanda hadi kipimo kikashindwa kutoa namba. Ilibidi apewe vitamini K.

Wapo watakaokwambia kwamba hizo ni habari za mtu mmoja mmoja, hazifiki utafiti mkubwa. Ni kweli. Lakini ona zinavyofanana: mtu aliyetulia, goji inaingia, siku chache namba inapanda, goji inaondoka, namba inashuka. Mama yako amepita siku ya nne, yuko ya tisa, na anakunywa na kula pamoja.

Sasa kwa nini tunda lipandishe INR? Damu ili igande inahitaji protini fulani ambazo ini huzitengeneza kwa msaada wa vitamini K. Wafarini inazuia vitamini K isitumike tena na tena, kwa hiyo protini hizo zinapungua na damu inachelewa kuganda. Ndicho tunachokitaka kwa mwenye valvu ya chuma, kwa sababu damu ikikutana na chuma hupenda kuganda juu yake, na bonge likinyofoka likaenda kwenye ubongo ni kiharusi. INR inapima ucheleweshaji huo: mtu asiyetumia dawa ni kama 1, wenye valvu ya chuma wengi huwekwa kati ya 2 na 3.5 kutegemea valvu iliyobadilishwa. Chini ya hapo bonge linanyemelea, juu ya hapo damu inavuja. Njia ni nyembamba kweli.

Mwili nao una kazi ya kuiondoa wafarini, na fundi mkuu wa kazi hiyo ni kimeng'enya cha ini kinachoitwa CYP2C9. Kitu chochote kinachomzuia fundi huyo kinaifanya wafarini ibaki mwilini muda mrefu, na dozi ileile ya kila siku ikawa kama imeongezwa. Wale wafamasia wa 2001 waliijaribu chai ya goji maabara wakaona inamzuia, ingawa kidogo, na wenyewe walisema huenda kuna njia nyingine pia. Kwako wewe nyumbani njia si hoja. Hoja ni kwamba namba ilipanda.

Kuna hatari ya pili ambayo watu hawaifikirii. Tuseme mama angefika kliniki kimyakimya, INR imepanda, na daktari asiyejua habari za chai akampunguzia wafarini. Mwezi ujao goji zinakwisha. Dawa imepungua na kilichokuwa kikiisukuma juu hakipo. INR inaanguka chini ya 2, na valvu inabaki bila ulinzi. Ndiyo maana nimesema mtaje chai kwa jina, na ndiyo maana baada ya kuacha mtatakiwa kupima tena baada ya wiki moja hivi, hata kama majibu ya kesho yatakuwa mazuri.

Nisikufanye ulichukie tunda lenyewe, maana halistahili. Kwa Kichina ni gouqizi, 枸杞子, na hilo ndilo neno la kutafuta kwenye paketi. Mmea wake ni wa ukoo mmoja na nyanya, pilipili na mnavu; ni kichaka chenye miiba, maua madogo ya zambarau, na matunda ya urefu wa sentimita moja hadi mbili. Sifa kubwa ni ya goji za Ningxia, kaskazini-magharibi ya China, hasa wilaya ya Zhongning, ambako mvua ni haba na mashamba yanakunywa maji ya Mto Manjano. Huvunwa kwa mkono kuanzia Juni, tunda moja moja, kwa sababu likiminywa linakuwa jeusi. Kitabu rasmi cha dawa cha China kinaitambua aina moja tu kuwa gouqizi, ile ya Ningxia, Lycium barbarum, ingawa siku hizi inalimwa sana pia Qinghai, Gansu na Xinjiang.

Ningxia ni jimbo la Wahui, Waislamu wa China, na wao wana chai ambayo nadhani mama angeipenda: bakuli dogo lenye mfuniko, ndani majani ya chai, goji, tende za Kichina, sukari ya mawe na vikorombwezo vingine hadi vitimie vinane, vinamiminiwa maji ya moto mbele ya mgeni. Kwa hiyo kaka yako hakudanganywa. Huko goji ni kitu cha jikoni, inatupwa kwenye supu ya kuku na kwenye uji wa mchele. Mtu wa makamo anayetembea na chupa ya maji ya moto yenye goji ndani ni sura ya kawaida kabisa ofisini.

Lakini tunda hilohilo likiingia duka la dawa linapata sheria. Kiasi kilichoandikwa katika kitabu rasmi ni gramu 6 hadi 12 kwa siku, yaani kiganja kidogo. Vijiko vinne vya mama vinapita gramu 20. Waganga wa Kichina wa jadi wenyewe hawampi mwenye homa, wala mwenye tumbo la kuharisha, wakisema huyu mwili wake haulipokei. Hata kwa msafiri kuna msemo wao wa zamani: aliye maili elfu kutoka kwake asile goji, kwa kuwa inaamsha matamanio na mwenzake yuko mbali. Tiba hiyo imelijua tunda hili kwa zaidi ya miaka elfu moja na haijawahi kuliita kitu kisicho na athari. Sisi ndio tunaolipokea kwenye mfuko wa plastiki, bila mganga na bila kipimo, tukasema ni tunda tu.

Nije kwenye "kuongeza damu", kwa sababu hapo ndipo maneno yanapotupoteza. Mganga wa Kichina anaposema damu, anataja kitu kipana: kinacholisha macho, nywele, usingizi, hata utulivu wa moyo. Goji kwake inalisha ini na figo, na macho ni dirisha la ini. Sisi tukisikia "inaongeza damu" tunawaza wekundu wa damu, kama tunavyosema juu ya rozela na mchicha. Goji kavu ina madini ya chuma miligramu kama 7 kwa gramu 100. Vijiko vya mama vinampa chini ya miligramu 2 kwa siku. Si haba, lakini hayo anayapata kwenye sahani ya maharage. Na kama mama kweli amepungukiwa damu, nakuomba msimtafutie cha kuiongeza kabla ya kuuliza damu inakwenda wapi. Mtu wa wafarini anaweza kuvuja tumboni polepole bila kujua. Valvu ya chuma nayo, ikiwa na tatizo, inaweza kuzivunja chembe nyekundu za damu zinapopita. Yote mawili yanaonekana kwa vipimo, na yote mawili yanafichwa na sifa za tunda.

Macho sasa, maana ndiyo shida ya mama yenyewe. Hapa goji ina jambo la kweli. Rangi yake nyekundu inatokana kwa sehemu kubwa na zeazanthini, ambayo ni mojawapo ya rangi mbili zinazokusanyika kwenye doa la manjano nyuma ya jicho, mahali tunapotumia kusoma na kutambua sura. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliotoka 2021, watu 27 wenye afya, wa miaka 45 hadi 65, waligawanywa: wengine wakala gramu 28 za goji mara tano kwa wiki kwa siku 90, wengine vidonge. Waliokula goji rangi hiyo ya jicho iliongezeka. Ni matokeo mazuri, ila ni watu wachache, macho yao hayakuwa na ugonjwa, na hakuna aliyefifia akaona tena. Zaidi ya hayo zeazanthini inayeyuka kwenye mafuta. Maji ya moto ya chupa yanaitoa kidogo sana, kwa hiyo yale maji anayokunywa kutwa yanampa hatari yote na macho hayapati kitu cha maana.

Mama wa miaka 58 ambaye macho yanafifia ana orodha ndefu ya sababu zinazotibika: mtoto wa jicho, presha ya macho, sukari, au miwani tu ya kusomea. Presha ya macho ndiyo inayonitia haraka, kwani inakula uoni kimyakimya na kilichopotea hakirudi. Mpeleke kliniki ya macho mwezi huu. Akihitaji upasuaji wa mtoto wa jicho, awaambie kabla kwamba yuko kwenye wafarini, na asiiache mwenyewe kwa kudhani ndivyo inavyotakiwa. Na kama anataka chakula cha macho, zeazanthini iko karibu naye: mahindi ya njano, kiini cha yai, pilipili hoho ya rangi ya chungwa iliyokaangwa kwa mafuta kidogo. Kwa wafarini hivyo havina shida akivila kwa kiasi cha kawaida.

Mboga za majani zina mambo yake. Mchicha, kisamvu, matembele na majani ya mlonge yana vitamini K nyingi, ambayo inaivuta INR chini. Wengi wakisikia hivyo wanaziacha kabisa, na hapo ndipo namba inapoanza kuyumba. Azile, ila kwa kiasi kinachofanana wiki hadi wiki. Kliniki imempangia dozi inayolingana na mlo wake. Kisamvu cha kila siku kwa wiki mbili halafu mwezi mzima bila jani, hicho ndicho kinachosumbua.

Kaka yako mwandikie leo, bila lawama, kwani alituma kwa upendo. Mwombe mambo mawili. Kwanza, asitume vidonge vya Kichina vya macho. Vipo vidonge vidogo vyeusi vinavyouzwa sana kule, Qi Ju Dihuang Wan. Ile "Qi" ya mwanzo ni goji yenyewe, ikichanganywa na maua ya krisanthemu na mizizi mingine. Mtu anaweza kuacha chai akarudishiwa tunda lilelile ndani ya kidonge. Pili, akikutana na majina danshen na danggui, mizizi miwili ya dawa za Kichina, ajue kwamba hayo nayo yanaipandisha INR. Huko yanauzwa kama dawa za moyo na za wanawake, kwa hiyo mtu mwema anaweza kumshauri akayanunua kwa ajili ya "mama mwenye moyo".

Huenda akauliza kwa nini mama asihamishiwe vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda, visivyojali chakula. Swali zuri, na jibu ni valvu. Kimoja cha vidonge hivyo, dabigatrani, kilijaribiwa kwa wenye valvu za chuma, na utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliokitumia walipata mabonge zaidi na kuvuja damu zaidi kuliko wa wafarini. Matokeo yalichapishwa 2013. Kwa valvu ya chuma wafarini ndiyo dawa, na itakuwa naye maisha yake yote. Mtu yeyote akimwambia aiache ahamie kwenye mitishamba, msimsikilize.

Hapa nyumbani pia kuna vya kuviogopa kuliko goji, na vinauzwa duka la dawa la mtaani bila swali. Metronidazoli ya tumbo, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Flagyl, pamoja na Septrin na flukonazoli ya fangasi, zote zinaweza kuipandisha INR mno ndani ya siku chache. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaumiza tumbo na kuongeza uvujaji hata kama namba haijabadilika. Niliwahi kumpokea baba mmoja aliyevimba goti kwa damu baada ya wiki ya Flagyl aliyoinunua kwa ajili ya kuharisha. Hakuna aliyemuuliza anameza nini kingine, naye hakujua kwamba inafaa kusema. Mama awe na kikaratasi kwenye pochi: natumia wafarini, valvu ya chuma, INR yangu ya mwisho ni kadhaa. Akionyeshe kila anaponunua dawa, hata ya mafua.

Goji zilizobaki msizitupe. Wewe na wengine nyumbani msiotumia wafarini mnaweza kuzila, kiganja kimoja kwa siku, kwenye uji au supu. Zichunguze kwanza. Goji nzuri ina wekundu uliokolea kidogo, na kwenye ncha ilipokuwa na kikonyo kuna alama ndogo nyeupe. Wekundu unaong'aa mno wenye harufu kali inayochoma pua ni dalili ya moshi wa salfa, na mwenye pumu asiziguse hizo. Weka chache kwenye maji ya baridi: maji yakigeuka mekundu papo hapo, zimetiwa rangi. Mwenye mzio wa nyanya au pichi aanze na tunda moja au mbili aone, kwani Hispania wameandika watu waliopata mzio mkali kwa goji. Mwenye sukari au presha anayetumia dawa zake aulize mfamasia wake kabla.

Ila ziwekeni kabati ambalo si la mama, na anayepika supu ya goji apike ya mama kwenye sufuria nyingine. Majibu ya INR yakitoka, andika namba na tarehe kwenye daftari, na pembeni andika siku aliyoacha chai. Kliniki watalihitaji hilo wiki ijayo akirudi kupima.